Korongo Nalo ni Mto

Wazee wa Dodoma husimulia kwamba mji wao ulipewa jina na tembo. Alikwenda kunywa maji kwenye kijito cha Kikuyu, akakwama, akadidimia topeni, na walioshuhudia wakasema kwa Kigogo idodomya, yaani amezama. Kuna simulizi nyingine ya ng'ombe walioibwa, ila hii ya tembo ndiyo iliyoshinda. Mkusanya istilahi huipenda kwa sababu ndani yake mna ripoti nzima ya kijito: chini palikuwa na tope zito, hapakuwa na mwamba, na maji yalitosha kumvuta mnyama mkubwa kuliko wote wa nchi kavu. Mtaalamu wa mito angejaza hayo hayo kwenye fomu yake ya kukagua mto.

Shida ni kwamba fomu hiyo imetungwa kwa maji yanayotiririka, na Dodoma hupata mvua isiyofika milimita 600 kwa wastani wa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Baada ya hapo kijito ni mchanga mtupu, na wenyeji hawakiiti kijito tena. Ni korongo.

Acha yule ndege wa miguu mirefu anayechangia jina hilo. Hata ardhini neno hili lina sura mbili zisizopatana. Kule Kondoa korongo ni kidonda. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianzishwa mwaka 1973 kupambana na mmomonyoko, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kabisa kwenye milima ya Irangi ili ardhi ipumue. Korongo katika ripoti za wakati ule ni kitu cha kuzibwa. Lakini mtu wa pembezoni mwa jiji akikwambia anakwenda korongoni, huenda anafuata maji: anafukua mchanga, anasubiri shimo lijae taratibu, anachota kwa kata, anajaza madumu, punda anabeba. Kwake korongo ni mto uliojificha. Basi ofisa akiandika tu kwamba "eneo lina korongo", msomaji hajui kama anaambiwa habari za ugonjwa au za uzima.

Serikalini husemwa "mto wa msimu". Si neno baya, ila linataja kalenda tu na kunyamaza kuhusu maji yaliyoshuka chini. Na yanashuka kweli. Visima vya Makutupora, kaskazini mwa jiji, ndivyo vilivyolinywesha kwa miongo mingi, na utafiti uliochapishwa mwaka 2013 kwa kutumia kumbukumbu za miaka 55 za kina cha maji huko ulionyesha kwamba hazina hiyo ya maji ya chini hujazwa hasa na miaka michache ya mvua kubwa mno, kama ile ya El Niño ya 1997/98. Mto unaofanya kazi hiyo kuitwa "mkavu" ni kuusingizia. Mimi ningeandika "mto wa mchanga", na ningejihadhari nisilitupe lile "wa", maana "mto mchanga" ni mto ambao bado mdogo wa umri!

Kisha fomu inauliza makazi ya viumbe. Dodoma, makazi ni viwanja, hati na vibali vya ujenzi. Ukikimbilia "makao" unakutana na Makao Makuu ya nchi, yaliyoamuliwa mwaka 1973. "Maskani" nalo, Zanzibar, ni kijiwe cha wanasiasa. Nitabaki na makazi shingo upande, mradi yaorodheshwe kwa majina ya kawaida: mawe, changarawe, mchanga, tope, majani ya ukingoni, mizizi ya mkuyu inayoning'inia majini.

Utamu uko kwa wadudu. Tanzania ina mfumo wake wa kupima afya ya mto kwa kutazama wanyama wadogo wasio na uti wa mgongo. Unaitwa TARISS, ulichapishwa mwaka 2015 na Lulu Kaaya wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzake, na chimbuko lake ni mfumo wa Afrika Kusini. Unatikisa mawe kwa mguu, wavu ukiwa upande yanakoelekea maji, kisha unamwaga ulichonasa kwenye sinia jeupe. Kila jamii ya mdudu ina alama zake: anayedai maji safi hupewa nyingi, mvumilivu wa uchafu hupewa chache. Jumla ikigawanywa kwa idadi ya jamii zilizopatikana, wastani unatoka kama wa mwanafunzi.

Sasa waite majina. Ruba, konokono, kaa: hakuna shida. Kiluwiluwi kinaleta balaa, kwa kuwa ni mtoto wa chura na pia ni mtoto wa mbu. Wa chura hahesabiwi kabisa, wa mbu ana alama moja. Halafu yuko yule mdogo mwenye mikia mitatu kama nyuzi, na pembeni mwa tumbo vijani vyembamba vinavyopepea bila kutulia, ndiyo matamvua yake ya kupumulia. Jina la Kiswahili linalojulikana hana, ingawa baadhi ya ndugu zake hubeba alama za juu kabisa. Kereng'ende tunaye, lakini yule anayeishi majini kabla ya kuota mabawa yaliyokamilika huachwa aitwe "lava". Kwani tunutu ana kosa gani? Ndivyo tunavyomwita nzige asiyeweza kuruka bado, na kereng'ende hukua kwa njia hiyo hiyo, bila kupitia hatua ya buu na pupa. Tunutu wa kereng'ende: neno liko tayari, limelala kamusini.

Vivyo hivyo kutibuka. Ripoti hutaja "uchafu wa maji" zinapomaanisha tope lililopanda juu. Mvua ya kwanza ikishuka korongoni, maji huwa kama chai ya maziwa, nayo yanaweza yasiwe na sumu yoyote. Yametibuka tu, yakituama yatang'aa. Kwa upande mwingine, Bwawa la Hombolo, lililojengwa mwaka 1957, linajulikana kwa maji yenye chumvi, na chumvi haionekani kwa macho. Tuseme mtibuko kwa hali ya tope, na uchafuzi kwa ile inayoletwa na vyoo, viwanda na dawa za shambani.

Neno lililobaki lina uzito wa sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mita zenyewe kila mtu anazijua. Ukingo ndio fumbo. Mto wa mchanga hupanuka masika moja, masika yanayofuata ukahamia upande wa pili, na kati yake malori yakachota mchanga wa kujengea nyumba za jiji hadi kimo cha kuta za mto kibadilike. Je, ukingo ni pale mchanga unapokoma, pale mikuyu inapoanzia, au pale mafuriko ya mwisho yalipoacha takataka kwenye miiba ya migunga? Tofauti ya majibu hayo matatu inaweza kuwa kiwanja kizima, nyumba na choo chake.