Bima ya safari ya meli kwa familia (Rubavu, Rwanda)

Bima ya safari ya meli kwa familia ni mkataba ambao kampuni ya bima hujifunga kulipia matibabu, usafirishaji wa mgonjwa, safari iliyovunjika na mizigo ya wazazi na watoto wanaosafiri pamoja kwa meli ya utalii. Makala hii inaieleza kwa jinsi inavyowahusu wakazi wa Wilaya ya Rubavu, ikiwemo sekta ya Busasamana. Kwao safari ya bahari huanzia barabarani na kupitia uwanja wa ndege kabla haijafika bandarini.

Mahali

Busasamana ni mojawapo ya sekta 12 za Rubavu, katika Mkoa wa Magharibi, na isichanganywe na Busasamana ya Wilaya ya Nyanza. Iko kaskazini mwa mji wa Gisenyi, chini ya milima ya Virunga, ikipakana na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Haigusi ziwa.

Ziwa Kivu

Boti za abiria huunganisha Rubavu, Karongi na Rusizi upande wa Rwanda, na Goma na Bukavu upande wa Kongo. Utalii wa kulala majini ni mpya: meli ya kifahari ya Kivu Queen uBuranga, yenye vyumba 10, ilianza kazi mwaka 2023. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iitwayo Merdi, iliyotoka Minova ikiwa imesheheni watu, ilizama karibu na bandari ya Kituku mjini Goma na kuua makumi ya abiria. Msiba huo mzito ulitokea jirani kabisa na Gisenyi.

Kwa bima, ziwa na bahari ni mambo mawili. Mkataba wa Athens wa 1974, pamoja na itifaki yake ya 2002 iliyoanza kutumika tarehe 23 Aprili 2014, unazilazimu meli zenye leseni ya kubeba abiria zaidi ya 12 kuwa na bima. Katika ajali kubwa za chombo, kama vile kuzama, kugongana au kuwaka moto, mwenye meli huwajibika hadi SDR 250,000 kwa kila abiria bila kuthibitishwa kosa, na hadi SDR 400,000 asipothibitisha kwamba hakuwa na kosa. (SDR ni kipimo cha fedha cha IMF.) Mkataba huo unahusu vyombo vya baharini peke yake, kwa hiyo abiria wa Kivu hana kinga hiyo.

Matibabu ya mkazi wa Busasamana ndani ya Rwanda husimamiwa na mutuelle de santé, yaani bima ya afya ya jamii, ambayo tangu 2015 iko chini ya RSSB (Bodi ya Hifadhi ya Jamii ya Rwanda). Ni moja ya mafanikio makubwa ya nchi hiyo: mwanachama anayeugua akiwa Karongi hutibiwa kwa kadi ileile anayotumia nyumbani. Nje ya mipaka kadi hiyo haimsaidii, na hapo ndipo haja ya bima ya safari huanza.

Kinacholipiwa

Wanunuzi wengi huanza kuuliza kuhusu mizigo, ilhali sehemu yenye uzito ni matibabu na usafirishaji wa dharura. Zahanati ya meli hutoza bei binafsi na bili huongezwa kwenye akaunti ya chumba. Mgonjwa asiyeweza kutibiwa humo hushushwa kwenye bandari iliyo karibu au huchukuliwa kwa helikopta. Ada yoyote ya bima ni ndogo mbele ya gharama ya helikopta na ya ndege ya wagonjwa ya kumrudisha Kigali. Washauri wengi wa Marekani hutaja dola 100,000 kuwa kima cha chini cha matibabu kwa msafiri wa meli, na zaidi ya hapo kwa usafirishaji.

Matukio mawili yalibadilisha namna mikataba inavyosomwa. La kwanza ni Costa Concordia, iliyopinduka karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, tarehe 13 Januari 2012, watu 32 wakafariki. Abiria ambao hawakujeruhiwa waliahidiwa na kampuni euro 11,000 kila mmoja. La pili ni Diamond Princess, iliyowekwa karantini Yokohama mwezi Februari 2020 ikiwa na watu 3,711. Zaidi ya 700 miongoni mwao waliambukizwa UVIKO-19. Mikataba mingi ya zamani ilikuwa imetenga magonjwa ya mlipuko, na tangu hapo kipengele hicho kimekuwa cha kwanza kuangaliwa na msomaji makini.

Kuchelewa meli nako kuna masharti. Meli haimsubiri abiria. Usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Mei 2023 mafuriko na maporomoko ya ardhi yaliua zaidi ya watu 130 magharibi na kaskazini mwa Rwanda. Mto Sebeya ulifurika Rubavu na barabara zikakatika. Familia inayokosa ndege ya Kigali kwa sababu kama hiyo hulipwa tu iwapo mkataba unataja maafa ya asili au kukwama kwa usafiri wa umma, na mwenye gari lake huombwa uthibitisho wa maandishi kwamba barabara ilifungwa.

Tarehe ya kununua

Bima hulipia lisilojulikana. Volkano ya Nyiragongo ililipuka tarehe 22 Mei 2021, matetemeko yakapasua nyumba mjini Gisenyi na maelfu ya watu wakavuka mpaka kutoka Goma. Aliyenunua bima kabla ya siku hiyo alikuwa na hoja ya kudai fidia ya safari iliyovunjika. Aliyenunua baadaye, janga likiwa tayari linajulikana, hakuwa nayo. Vita ni vigumu zaidi, kwa sababu mikataba ya kawaida huvitenga moja kwa moja. Makombora yaliyoanguka Rubavu mwishoni mwa Januari 2025, wakati waasi wa M23 walipokuwa wakiingia Goma, yaliua raia. Kwa hiyo ni vyema kununua bima siku ileile malipo ya kwanza ya meli yanapofanyika.

Nani ni familia

Mkataba wa familia humaanisha mume, mke na watoto wanaowategemea, mara nyingi walio chini ya miaka 18. Nyumba nyingi za Rubavu hazikai hivyo. Mtoto wa marehemu kaka, aliyelelewa humo tangu akiwa mchanga, huachwa nje ya mkataba pasipo hati ya ulezi, ingawa analala chumba kimoja cha meli na binamu zake. Bibi hukatiwa bima ya peke yake: kampuni nyingi hupandisha ada kwa wazee, na baadhi hukataa kabisa. Ni kasoro ya haki, nayo huwaumiza wanaohitaji kinga zaidi. Mjamzito aulize mapema, kwa kuwa meli nyingi hazimpokei atakayefikisha wiki ya 24 kabla safari haijaisha.

Kadi na viza

Kadi ya njano ya COMESA hulipia madhara ambayo gari husababisha kwa watu wengine ng'ambo ya mpaka. Haimtibu abiria wa meli. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ambacho nacho huitwa kadi ya njano, ni karatasi nyingine kabisa.

Kwa safari za Mediterania, mwenye pasipoti ya Rwanda huhitaji viza ya Schengen, na viza hiyo hudai bima ya angalau euro 30,000. Kiasi hicho ni sharti la ubalozi na hakikupangwa kwa mahitaji ya baharini. Meli ikigusa Tunis kisha ikarejea Italia, viza iwe ya kuingia zaidi ya mara moja, na bima itaje nchi zote za ratiba.

Watoaji

Miongoni mwa kampuni za bima za Rwanda, Sonarwa ilianzishwa 1975 na Soras 1984. Soras baadaye iliingia mikononi mwa Sanlam ya Afrika Kusini. Msimamizi wa kampuni za bima ni Benki Kuu ya Rwanda. Nchini Kongo, kampuni ya bima ya serikali, SONAS, ilikuwa peke yake sokoni tangu 1966, hadi sheria ya 2015 ilipofungua mlango kwa kampuni nyingine.

Hali ya sasa

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 Zanzibar huwataka wageni wa kigeni kununua bima ya dola 44 kutoka Shirika la Bima la Zanzibar, hata kama wanayo ya kwao.