Uonevu katika shule za msingi, Kibera na Kawangware

Uonevu shuleni ni tabia ya kurudiarudia ya mwanafunzi, au kundi, kumwumiza mwenzao aliye dhaifu kuliko wao: kumpiga, kumtusi, kumtenga, kumnyang'anya chakula au penseli. Ugomvi wa mara moja baina ya walio sawa si uonevu.

Katika mitaa hii miwili ya Nairobi, watoto wengi husoma katika shule ndogo za binafsi au za jamii, pamoja na zile za serikali ambazo zilijaa sana elimu ya msingi ilipofanywa ya bure mwaka 2003. Darasa likijaa, mwalimu haoni viti vya nyuma. Tena, wanafunzi wengi hurudi nyumbani kwa miguu, na kwenye vichochoro wanavyopitia hapana mwalimu kabisa.

Dalili huonekana nyumbani mapema kuliko darasani: sare iliyochanika, madaftari yanayopotea, maumivu ya tumbo asubuhi, njia mpya ndefu ya kwenda shule. Mtoto aulizwe peke yake, kwa upole, asilazimishwe kukabiliana na mwonevu. Kumwambia "nawe mpige" humwacha bila msaada.

Mwalimu hana ruhusa ya kumchapa mwonevu; Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza adhabu ya viboko. Wazazi wa pande zote mbili huitwa, na mwonevu naye husikilizwa, kwani huenda anapigwa kwao. Shule ikipuuza, simu 116 ya kuwasaidia watoto hupigwa bila malipo.