Ruhusa ya Paulo: kutoka Korintho hadi meli za Angola

Tarehe 25 Januari 1585, siku Kanisa linapoadhimisha kuongoka kwa Mtume Paulo, Papa Gregori XIII alitoa waraka uitwao Populis. Ni papa yuleyule aliyetuachia kalenda tunayoitundika ukutani, na haikupita miezi mitatu akafariki. Kalenda yake inajulikana dunia nzima. Waraka huo wanaujua wanasheria wa Kanisa tu, ingawa bara letu linaguswa nao zaidi.

Ulihusu watu waliotekwa Angola, Ethiopia, Brazil na nchi za Indi, wakauzwa mbali na waume au wake zao. Wakibatizwa huko ugenini, wafanye nini? Mwenzi wa kwanza huenda yu hai, lakini yuko ng'ambo ya bahari na hakuna wa kumpelekea barua. Gregori aliwapa maaskofu, maparoko na mapadre Wajesuiti mamlaka ya kuwafungisha ndoa na Wakristo bila kusubiri mwenzi wa kwanza ahojiwe, mradi ionekane, hata bila kesi ya mahakamani, kwamba hafikiki. Hata kama baadaye ingegundulika kwamba na yeye alikuwa amekwisha kubatizwa huko aliko, ndoa ya pili ingesimama.

Ni huruma, lakini ina doa. Meli zilizowatenganisha wanandoa hao zilikuwa za Wakristo. Waraka ulitengeneza mambo ya altareni. Biashara yenyewe ukaiacha ilivyo. Msomaji wa Bagamoyo, ambako mapadre wa Roho Mtakatifu walifika mwaka 1868 na kuanza kuwakusanya waliokombolewa utumwani, hahitaji kuelezwa watu hao waliouzwa mbali walikuwa wa namna gani.

Lakini kwa nini mwenzi wa kwanza alipaswa kuhojiwa kwanza, na kuhojiwa nini? Jibu liko Korintho, mji wa biashara wenye bandari mbili, ambako Injili iliingia ndani ya nyumba na kumchukua mmoja, ikamwacha mwingine na miungu yake. Paulo aliwaandikia akiwa Efeso, yapata mwaka 54 au 55. Kwanza akawakumbusha katazo la Bwana kuhusu talaka. Kisha akasema waziwazi kwamba sasa anayesema ni yeye, si Bwana: asiyeamini akiridhika kukaa, mwamini asimwache, akiondoka mwenyewe, aende zake, na aliyebaki hafungwi. Hafungwi na nini? Na kuishi pamoja tu, au na ndoa yenyewe? Hapo mtume alinyamaza, na ukimya wake umewapa watu kazi ya karne nyingi.

Karne ya nne, mwandishi mmoja wa Roma asiyejulikana jina, ambaye wasomi wa baadaye wamembandika jina la Ambrosiaster, alijibu kwamba aliyeachwa yu huru kuoa tena. Augustino alikataa. Na huyu alikuwa mtoto wa ndoa mseto: alikulia Thagaste, Algeria ya leo, kwa mama Mkristo, Monika, na baba mpagani, Patrisi, ambaye alibatizwa siku zake zikikaribia mwisho. Sijui niseme malezi hayo yalimpa ujuzi wa jambo au yalimziba macho. Monika alivumilia, na mwana alielekea kudhani kila mke anaweza.

Inosenti III ndiye aliyekata shauri, mwaka 1199, akimjibu askofu wa Ferrara. Wakiwa wawili wasiobatizwa, mmoja akaongoka na mwenzake akakataa kuishi naye, au akakubali lakini kwa kumtukana Muumba, aliyeongoka yu huru. Ndiyo maana mwenzi alipaswa kuhojiwa kwanza: atakubali kukaa naye kwa amani au la? Wakiwa wote wamebatizwa na mmoja akaiasi imani, mwenzake hana uhuru huo. Sababu mojawapo aliyoitoa inaonyesha aliwajua binadamu: vinginevyo watu wangejifanya wazushi ili kuwakimbia wake zao.

Waprotestanti waliivuka mipaka hiyo. Mwaka 1551 Galeazzo Caracciolo, mtoto wa ukoo mkubwa wa Napoli, alikimbilia Geneva kwa ajili ya imani mpya. Mkewe Vittoria alikataa kumfuata. Walikutana mara ya mwisho mwaka 1558. Mke akakataa tena, kwa kuwa padre wake alikuwa amemkataza kulala na mzushi. Calvin, kiongozi wa mageuzi huko Geneva, alisitasita, lakini mwaka 1559 Geneva ilimpa Galeazzo talaka, na mwaka uliofuata akaoa mjane wa Kifaransa. Mimi hesabu hii hainikai. Aliyefunga mizigo ni Galeazzo, aliyebaki nyumbani na watoto ni Vittoria, na bado ruhusa ya aliyeachwa ilikwenda kwa aliyeondoka.

Swali hilo halijaondoka katika ofisi za parokia zetu. Mama Mkatoliki aliyeolewa na Mwislamu kwa ruhusa ya askofu, mume akaondoka, husikia jirani akimwambia kuna upendeleo wa Paulo, yaani ruhusa ile ya Korintho. Upo, lakini si wake. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inauweka kwa ndoa ya watu wawili ambao wote hawakuwa wamebatizwa siku ya kuoana. Mwongofu aliyeachwa na mumewe kwa sababu amebatizwa, huyo unamhusu. Na ruhusa ya Gregori imo humo bado, katika kanuni ya 1149, kwa waliotenganishwa na utumwa au dhuluma.

Yule mama Mkatoliki ana njia nyingine, ndefu zaidi. Mwaka 1924 Roma ilivunja ndoa ya mtu asiyebatizwa na mwanamke Mwanglikana katika jimbo la Helena, Marekani, na tangu hapo faili za namna hiyo hupelekwa kwa Papa mwenyewe. Kanuni zilizotolewa mwaka 2001 zinataka mambo ambayo Geneva haikuyauliza vya kutosha: kwamba anayeomba si yeye hasa aliyeivunja nyumba, na kwamba yule anayetaka kufunga naye ndoa mpya si yeye aliyewachonganisha.