Ufunguo wa Serikali: Historia ya Mgogoro wa Usimbaji Fiche na Somo Lililosahauliwa

Mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya Uhalifu wa Mtandaoni, uliopitishwa na Baraza Kuu tarehe 24 Desemba 2024 na kuanza kutiwa saini mjini Hanoi, Vietnam, mwezi Oktoba 2025, umefufua mgogoro ambao wengi waliudhani umemalizika robo karne iliyopita. Mgogoro huo unahusu kama serikali, au chombo chochote kilicho juu ya serikali, kina haki ya kujiwekea njia ya kuingia katika mawasiliano ya kila mtu kwa hoja ya kuwatafuta wachache wenye hatia. Mashirika ya kutetea haki, yakiwamo Human Rights Watch na Electronic Frontier Foundation (EFF), yameukosoa mkataba huo vikali, na baadhi ya wakosoaji wamekitaja hasa kifungu cha 28, kinachozitaka nchi kuzipa mamlaka zao uwezo wa kumwamuru mtu anayejua namna mfumo wa kompyuta unavyofanya kazi atoe maelezo yatakayowezesha upekuzi. Wanaoutetea wanasema uhalifu unaovuka mipaka hauwezi kukabiliwa na polisi wa nchi moja, na hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, yaliyotokea Marekani kati ya mwaka 1976 na 2000 yanaonyesha kwamba shaka dhidi ya madaraka ya namna hii haitokani na chuki kwa dola, bali inatokana na ushahidi uliokusanywa kwa taabu na watu waliohatarisha uhuru wao.

Kiini cha mgogoro ni usimbaji fiche, yaani utaratibu wa kihisabati unaougeuza ujumbe kuwa mchanganyiko wa alama zisizosomeka na yeyote asiye na ufunguo, ambao ni namba ya siri inayoupa ujumbe umbo lake la awali. Nguvu ya ufunguo hupimwa kwa biti, yaani idadi ya tarakimu za sifuri na moja zinazouunda, na kila biti inayoongezwa huzidisha maradufu idadi ya funguo ambazo mvunjaji analazimika kuzijaribu. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 elimu hiyo ilikuwa mikononi mwa majeshi na majasusi, na nchini Marekani ilihodhiwa na NSA, shirika la usalama wa taifa ambalo kazi yake kuu ni kunasa mawasiliano ya kigeni na kuyafumbua. Steven Levy, mwandishi wa habari ambaye kitabu chake Crypto cha mwaka 2001 kinategemewa na makala haya kwa sehemu kubwa, anaieleza historia yote iliyofuata kuwa ni ya watu wa nje ya dola waliokataa kukubali kwamba hisabati inaweza kuwa mali ya serikali.

Ukiritimba huo ulivunjika mwezi Novemba 1976, pale Whitfield Diffie na Martin Hellman wa Chuo Kikuu cha Stanford walipochapisha makala iliyoonyesha kwamba watu wawili wasiowahi kukutana wanaweza kuwasiliana kwa siri bila kwanza kupeana ufunguo kwa njia ya kificho. Mwaka uliofuata Ronald Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman wa MIT walibuni mfumo wa RSA, ambao uliligeuza wazo hilo kuwa chombo cha kutumika. Mwezi Julai 1977 mfanyakazi mmoja wa NSA aliiandikia taasisi ya wahandisi iliyokuwa ikichapisha tafiti hizo, akionya kwamba kuziwasilisha mbele ya wageni huenda kukavunja sheria ya biashara ya silaha, kwa kuwa usimbaji fiche ulikuwa umeorodheshwa pamoja na zana za kivita. Hellman hakunyamaza, bali alisimama mwenyewe katika mkutano wa kitaaluma na kuziwasilisha kazi za wanafunzi wake, ili hatari ya kushtakiwa imwangukie yeye badala ya vijana ambao ndio kwanza walikuwa wanaanza maisha ya utafiti.

Miaka ya 1980 ilipita bila makelele mengi, kwa sababu kompyuta binafsi zilikuwa bado chache na watu wa kawaida hawakuwa na kitu cha kusimba. Hali ilibadilika mwezi Juni 1991, wakati Phil Zimmermann, mtayarishaji wa programu wa Boulder, Colorado, aliyewahi kuwa mwanaharakati wa kupinga silaha za nyuklia, alipotoa bure programu ya PGP, iliyompa mtu yeyote mwenye kompyuta uwezo wa kusimba barua zake kwa kiwango ambacho awali kilimilikiwa na dola pekee. Zimmermann aliharakisha kazi hiyo kwa sababu mapema mwaka huo muswada mmoja katika Baraza la Seneti ulikuwa umebeba kipengele kilichotaka watengenezaji wa vifaa vya mawasiliano waiwezeshe serikali kupata ujumbe ukiwa wazi, naye aliamini kwamba chombo kikishaenea mikononi mwa watu, sheria haitaweza kukirudisha. PGP ilivuka mipaka kupitia intaneti, na kuanzia mwaka 1993 mwandishi wake akachunguzwa na waendesha mashtaka wa serikali kuu kwa tuhuma za kusafirisha silaha nje ya nchi bila kibali, uchunguzi uliomwandama hadi Januari 1996, ulipofungwa bila mashtaka yoyote.

Udhaifu wa sheria hiyo ya usafirishaji wa silaha ulidhihirishwa na mhandisi Phil Karn, ambaye mwaka 1994 aliiomba Wizara ya Mambo ya Nje uamuzi kuhusu kitabu cha Bruce Schneier kiitwacho Applied Cryptography, ambacho kurasa zake zilikuwa na msimbo chanzo, yaani maagizo ya programu jinsi yanavyoandikwa na binadamu kabla ya kompyuta kuyatekeleza. Wizara ilijibu kwamba kitabu kinaweza kupelekwa popote duniani, lakini Karn alipoomba kupeleka disketi yenye msimbo uleule, alikataliwa kwa maelezo kwamba disketi ni zana ya kivita. Wafuasi wa Zimmermann waliielewa maana ya uamuzi huo mara moja: mwaka 1995 MIT Press ilichapa msimbo mzima wa PGP kama kitabu, na baadaye vitabu vya toleo jipya vilisafirishwa kihalali hadi Ulaya, ambako watu wa kujitolea walizipitisha kurasa zake katika mashine za kusoma maandishi yaliyochapwa na kuirejesha programu kama ilivyokuwa. Sheria iliyoweza kushindwa kwa karatasi na wino haikuwa ikimzuia adui yeyote mwenye dhamira, na mzigo wake uliwaangukia watafiti waaminifu, waliolazimika kuomba ruhusa ya kuchapisha mawazo yao.

Mapambano makubwa zaidi yalizuka tarehe 16 Aprili 1993, wakati serikali ya Rais Bill Clinton ilipotangaza chipu ya Clipper, kifaa kidogo cha kielektroniki kilichobuniwa na NSA kwa ajili ya simu, ambacho kilisimba mazungumzo kwa ufunguo wa biti 80. Kila chipu ilikuwa na ufunguo wake wa pekee, na nakala ya ufunguo huo iligawanywa vipande viwili vilivyowekwa amana, kimoja katika taasisi ya serikali ya viwango, NIST, na kingine katika Wizara ya Fedha, ili polisi wenye kibali cha kisheria waviunganishe na kusikiliza. Hofu iliyouzaa mpango huo ilikuwa ya kweli, kwa kuwa FBI ilitegemea kunasa simu katika kesi za magenge, utekaji nyara na ugaidi, na iliona uwezo huo ukikaribia kupotea. Lakini namna ya kuutekeleza ndiyo iliyowashtua wananchi: hesabu zilizoendesha chipu zilifanywa siri, hivyo walitakiwa kuamini kufuli ambalo jamii ya wataalamu haikuruhusiwa kulikagua kwa uwazi, huku nakala ya ufunguo ikishikwa na dola ileile ambayo katika miaka ya 1970 kamati ya Seneti iliyoongozwa na Frank Church ilikuwa imethibitisha kwamba iliwapeleleza raia wake kinyume cha sheria.

Upinzani uliunganisha watu ambao kwa kawaida hawakai meza moja. Kampuni za programu zilisema hakuna mteja wa Ulaya au Asia atakayenunua kifaa ambacho ufunguo wake uko Washington; wahafidhina waliokuwa na mashaka na serikali kuu walisimama bega kwa bega na watetezi wa haki za kiraia; na kundi la Cypherpunks, lililoanzishwa mwaka 1992 na Eric Hughes, Timothy May na John Gilmore, lilieneza wazo kwamba faragha haiombwi kwa watawala, bali watu wanaojua kuandika programu huijenga wenyewe. Makumi ya maelfu ya wananchi walitia saini waraka wa kupinga, ingawa intaneti ilikuwa bado chombo cha wachache.

Pigo lililoimaliza Clipper lilitoka katika maabara. Mwezi Juni 1994 gazeti la New York Times liliripoti kwamba Matt Blaze, mtafiti wa AT&T Bell Laboratories aliyekuwa amepewa vifaa vya majaribio vya mpango huo, aligundua kwamba kipande cha data kilichopaswa kuwaelekeza polisi kwenye ufunguo kililindwa kwa tarakimu za uhakiki zenye biti 16 tu, yaani michanganyiko 65,536, ambayo kompyuta ingeweza kuijaribu yote kwa muda usiozidi saa moja. Mhalifu aliyejua udhaifu huo angeweza kutumia usimbaji wa serikali na wakati huohuo kuufunga mlango ambao serikali ilijiachia. Serikali haikupoteza hoja kwa sababu wananchi walikuwa na maneno makali zaidi. Ilipoteza kwa sababu mtu mmoja aliruhusiwa kupima alichoambiwa aamini, na hilo ndilo jambo ambalo kila mjadala wa leo unapaswa kuanza nalo.

Iliposhindwa nyumbani, Washington iligeukia mamlaka ya kimataifa. Mwaka 1996 Clinton alimteua David Aaron kuwa mjumbe maalumu wa kuzishawishi nchi nyingine zikubali mfumo wa funguo za amana, lakini miongozo iliyotolewa na OECD, jumuiya ya nchi tajiri kiuchumi, mwezi Machi 1997 haikuufanya mfumo huo kuwa wa lazima. Desemba 1998 nchi 33 za Mpango wa Wassenaar, unaoratibu mauzo ya silaha na vifaa vyenye matumizi ya kiraia na ya kijeshi, ziliweka mipaka mipya kwa programu za usimbaji zenye funguo zinazozidi biti 64. Hata hivyo, ukuta ulikuwa umeanza kubomoka. Baraza la Utafiti la Taifa la Marekani lilikuwa limehitimisha mwaka 1996 kwamba faida za usimbaji kuenea zinazidi hasara zake. Mwaka 1998 EFF ilijenga mashine iliyogharimu chini ya dola 250,000 na kuuvunja ufunguo wa biti 56 kwa saa 56. Na Mei 1999 Mahakama ya Rufani ya Mzunguko wa Tisa, katika kesi ya mwanahisabati Daniel Bernstein, ilikubali kwamba msimbo chanzo ni usemi unaolindwa na katiba. Uamuzi huo ulipangiwa kusikilizwa upya, lakini Januari 2000 serikali yenyewe ililegeza kanuni za mauzo ya nje.

Gharama ya kanuni hizo ilionekana wakati wengi walikuwa wamekwisha kuzisahau. Mwezi Machi 2015 watafiti wa Ulaya na Marekani walitangaza kasoro iliyopewa jina la FREAK, iliyotokana na funguo za RSA za biti 512, ambazo ni dhaifu kwa kuwa mfumo huo huhitaji biti nyingi zaidi, na ambazo kampuni zililazimishwa kuziweka katika bidhaa za kuuzwa ng'ambo, na ambazo zilibaki ndani ya programu miaka 15 baada ya sheria kulegezwa, kiasi kwamba hata tovuti ya NSA yenyewe ilikutwa na udhaifu huo. Mwaka 2024 ikafichuka kwamba wadukuzi wanaohusishwa na China waliingia katika kampuni za simu za Marekani na kufikia mifumo ya unasaji halali, iliyotokana na sheria ya mwaka 1994 iliyozitaka kampuni hizo kuiwezesha serikali kunasa mawasiliano kwa kibali, na maofisa wa usalama wa nchi hiyo wakawashauri wananchi watumie programu za ujumbe uliosimbwa. Wakati huohuo Uingereza iliishinikiza Apple iipe njia ya kufikia data zilizosimbwa za watumiaji, na kampuni hiyo Februari 2025 iliwaondolea Waingereza kinga yake ya juu kabisa ya data.

Afrika Mashariki haikushiriki katika vita hivyo, lakini inaishi kwa matunda yake. Tangu M-Pesa ilipoanza nchini Kenya mwaka 2007, mishahara, ada za shule na michango ya misiba imehamia kwenye simu, na tangu mwaka 2016 WhatsApp imekuwa ikisimba ujumbe wa watumiaji wake wote kwa mbinu zilizochipuka kutoka kazi ya Diffie na Hellman. Hata hivyo, Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilipowataka watumiaji wa VPN, yaani huduma inayopitisha mawasiliano katika njia iliyosimbwa, wajisajili na kueleza matumizi yao kabla ya mwisho wa mwezi, mjadala ulihusu zaidi usumbufu wa agizo, na historia inayoeleza kwa nini njia hizo zipo na nani alizipigania ilitajwa kwa nadra. Ni jambo la kusikitisha kwamba kizazi kinachobeba benki, barua na siri za familia mfukoni hakifundishwi jinsi usalama huo ulivyopatikana, kwani haki isiyojulikana chanzo chake huondolewa bila mwenyewe kupiga kelele.

Mkataba wa Hanoi utaanza kutumika siku 90 baada ya kuridhiwa na nchi 40, na kila bunge litakaloletewa litaambiwa, kama Wamarekani walivyoambiwa mwaka 1993, kwamba madaraka yanayoombwa yatatumika kwa wahalifu peke yao. Wabunge hawana sababu ya kuukataa ushirikiano dhidi ya wezi wa mtandaoni, ambao huwaumiza pia wakulima na wachuuzi, lakini wana wajibu wa kudai kabla ya kupiga kura kwamba kila amri ya upekuzi ipitie kwa hakimu, kwamba hakuna mhandisi atakayelazimishwa kudhoofisha kinga ya watumiaji wote ili kumpata mtuhumiwa mmoja, na kwamba wataalamu huru waruhusiwe kukagua kila mfumo ambao wananchi wanatakiwa kuuamini. Serikali isiyoweza kuyakubali masharti hayo matatu haijathibitisha bado kwamba inastahili kukabidhiwa ufunguo.