Cheti cha Kuugua

Fomu ilikuwa na kurasa chache tu, lakini tulikaa nayo mezani tangu saa nane mchana hadi taa za barabarani zikawaka. Ilikuwa Clarkston, mji mdogo nje kidogo ya Atlanta, jimbo la Georgia, ambako ukiingia dukani hukosi kusikia Kiswahili cha Uvira au cha mtu aliyekulia kambi ya Nyarugusu. Aliyeniita nimtafsirie ni mzee wa Uvira. Mimi nimezaliwa Kigoma, ng'ambo ya ziwa lilelile, kwa hiyo yeye ananiita mwanangu, nami namwita Papa.

Papa alikunywa pombe miaka mingi. Sasa ana miaka saba hajagusa chupa. Kijana wa mtaani akizidiwa, mama yake hapigi simu hospitali, anampigia Papa. Naye huenda, hukaa na kijana usiku kucha, na asubuhi huingia zamu kiwandani bila kulala. Siku moja mtu akamwambia kwamba kazi hiyo anayoifanya bure ina cheti cha jimbo, na wenye cheti hulipwa.

Ni cheti cha msaidizi rika, yaani mtu aliyepita mwenyewe kwenye ugonjwa wa akili au uraibu, na sasa anamshika mkono anayepita huko. Nyumbani tulishawajua WAVIU washauri, watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI waliowakaribisha wenzao kliniki. Hili halikuwa wazo geni kwetu. Kigeni kilikuwa kipengele kilichomtaka Papa athibitishe kwamba aliwahi kuugua.

Akacheka. "Maisha yangu yote nimelificha hili jambo. Leo ndiyo wanaliomba?"

Usiku ule nilianza kusoma ombi hilo lilitoka wapi.

Wengi huanzia Paris. Jean-Baptiste Pussin aliingia hospitali ya Bicêtre akiwa mgonjwa wa kifua kikuu cha tezi, akapona, akabaki humo kama mfanyakazi, hadi akawa msimamizi wa wodi ya wanaume waliosemekana kuwa wendawazimu. Alipenda kuajiri wahudumu waliokuwa wamepona humohumo, kwa sababu hawakuwa wepesi wa kupiga. Daktari Philippe Pinel alifika mwaka 1793 akajifunza mengi kwake. Mwaka 1797 Pussin ndiye aliyewafungua wagonjwa wa Bicêtre minyororo. Sifa, hata hivyo, ilikwenda kwa Pinel kwa muda mrefu. Mwenye shahada ndiye aliyeandika kitabu.

Lakini fomu yetu ilikuwa ya Georgia, na Georgia ina kisa chake. Saa mbili hivi kwa gari kutoka Atlanta kuna mji wa Milledgeville, ambako hospitali ya jimbo ya wagonjwa wa akili ilipokea mgonjwa wa kwanza mwaka 1842. Kufikia miaka ya 1960 ilikuwa na wagonjwa wapatao 12,000, mojawapo ya kubwa zaidi duniani. Waliofia humo walizikwa uwanjani, na wengi waliwekewa kipande cha chuma chenye namba, bila jina. Inakadiriwa wako 25,000. Baadaye watunza bustani waliving'oa vyuma vingi ili mashine za kukata nyasi zipite vizuri.

Mwaka 1997 kundi la watu waliowahi kuugua lilitembelea makaburi hayo, likaapa kuyarudishia heshima. Miongoni mwao alikuwa Larry Fricks, ambaye hakuficha kwamba yeye mwenyewe anaishi na ugonjwa wa akili, na ambaye wakati huo alikuwa na ofisi serikalini kwa ajili ya kusikiliza wagonjwa. Watu wa mkondo huohuo ndio waliodai kwamba aliyepona alipwe kwa anachokijua. Mwaka 1999 Georgia ikawa jimbo la kwanza ambako Medicaid, bima ya serikali kwa watu wa kipato kidogo, ililipia usaidizi rika kama huduma kamili. Mwaka 2001 darasa la kwanza la wenye vyeti likafunzwa.

Niliposoma hapo niliielewa fomu kwa namna nyingine. Kumbe watu waliowaona wenzao wamezikwa kwa namba ndio waliopigania karatasi hii. Waliitaka kwa sababu bila karatasi hakuna mshahara, na bila mshahara unabaki kuwa yule mgonjwa wa zamani anayejitolea kupanga viti.

Si wote walioliona hivyo. Judi Chamberlin, aliyelazwa hospitali za akili katika miaka ya 1960 na kukataliwa kutoka, alichapisha mwaka 1978 kitabu kilichotetea vituo vinavyoendeshwa na wagonjwa wenyewe, bila daktari juu yao. Fedha za bima zilikuja na sharti tofauti. Agosti 2007 serikali kuu iliyaandikia majimbo kwamba yanaweza kulipia usaidizi rika, mradi msaidizi awe chini ya usimamizi wa mtaalamu, kazi yake iingie katika mpango wa matibabu wa mgonjwa, na awe na mafunzo na cheti. Baada ya barua hiyo vyeti vilienea karibu majimbo yote, kila jimbo na kanuni zake. Ukihama, cheti chako huenda kisihame nawe.

Kanuni hizo ndizo zilizokuwa mezani petu. Papa alisoma hadi akamaliza sekondari, lakini cheti kilibaki Uvira mwaka 1996, vita vilipoingia naye akavuka ziwa na shati moja. Bila cheti hicho, njia mojawapo iliyobaki ni mtihani wa GED, unaohesabiwa sawa na sekondari, nao hufanywa kwa Kiingereza au Kihispania. Halafu kuna siku ile polisi walipomkamata akiendesha gari amelewa. Waajiri wengi hupekua rekodi za mahakama. Kwa hiyo ulevi ndio sifa inayomwingiza kazini, na ulevi huohuo unaweza kumfungia mlango.

Mwaka 2023 taasisi ya serikali kuu inayosimamia afya ya akili na uraibu, SAMHSA, ilitoa mwongozo wa kitaifa uliyahimiza majimbo yalegeze vizuizi vya aina hii, pamoja na suala la rekodi za makosa na la lugha. Ni ushauri tu; jimbo linaweza kuufuata au kuuacha.

Nilitaka Papa akasirike. Nilikuwa tayari na hotuba nzima kuhusu Pussin. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Huyo Mfaransa alilipwa?"

Nikasema ndiyo, alikuwa na mshahara.

"Basi na mimi nautaka. Nikiwa na hiyo kazi, nitaweza kulala mchana."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Nilikuwa nikibishana na historia kuhusu heshima, naye alikuwa akihesabu saa za usingizi.

Fomu bado iko kwenye bahasha juu ya friji lake. Kila Jumanne tunafanya hesabu za GED. Ana miaka 54 na sehemu zinamsumbua, hasa kugawanya. Jumanne iliyopita tulikuwa swali la sita simu ilipoita. Alisikiliza, akasema "niko njiani," akavaa koti.

"Mwanangu, niwekee alama hapo tulipofika," akasema, akatoka.