Ombwe halinyonyi

Magazetini ombwe ni la uongozi. Karakana nayo ina lake: fundi wa faiba hutandika kitambaa cha nyuzi za kioo, hukilowesha resini, hukifunika kwa nailoni, huziba kingo, kisha hutoa hewa kwa pampu. Wengi husema ombwe “linanyonya” nailoni. Kauli hiyo inapotosha. Ombwe halina nguvu yoyote. Hewa ya nje ndiyo inayogandamiza, na nguvu yake hutegemea mahali. Tanga, ufukweni, hubana kwa karibu tani 10 kila mita ya mraba. Lushoto mjini, mita 1,400 hivi juu ya bahari, haifiki tani 9.

Basi fundi wa milimani, kama wa Lushoto, geji isipofika kipimo cha watu wa pwani asikimbilie kulaumu nailoni. Afunge koki ya bomba, atazame mshale. Ukitulia, hakuna tundu. Ukirudi, atege sikio kingoni, hasa penye mikunjo. Hapo ndipo husikika mluzi mwembamba. Na asubuhi za Julai apashe chumba joto kwanza, maana kwenye baridi resini huchelewa kukauka.