Perege wa kwetu na sato wa kuletwa: kwa nini asili ya samaki wa mito yetu ni mali

Kila tunapokuwa na kipindi cha ufugaji wa samaki, swali linalorudi kutoka Masasi, Newala na vijiji vya bonde la Ruvuma ni lile lile: vifaranga vya sato vinapatikana wapi? Ni swali la mtu anayetafuta kitoweo na kipato, na halina kosa. Lakini liko swali la pili ambalo halisikiki sana. Vifaranga hao wakitoka bwawani wakaingia mtoni, nini kitawapata samaki waliokuwamo mtoni tangu zamani?

Makala hii ni ya kumsaidia msikilizaji aelewe swali hilo la pili. Unaweza kuihifadhi kwenye simu na kuisoma tena siku unapochimba bwawa.

Nani ni nani majini

Wengi wetu humwita "perege" samaki yeyote mpana mwenye miba mgongoni. Wataalamu huwagawa zaidi. Kundi kubwa la perege huitwa kwa jina la kisayansi Oreochromis, na ndani yake kuna aina nyingi, au spishi. Majike wa kundi hili hutunza mayai na watoto wao mdomoni, na madume huchimba viota chini ya maji.

Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye utajiri mkubwa wa aina hizi. Mto Rufiji una perege wake, Oreochromis urolepis. Mto Pangani una wake. Mto Ruvuma, ule unaouona bondeni ukisimama Shimo la Mungu pale Newala, una perege wake pia, Oreochromis placidus, na wale wa Ruvuma wamepewa jina la ziada la rovumae kwa heshima ya mto wenyewe.

Sato ni Oreochromis niloticus. Kwao ni mto Nile, Afrika Magharibi na baadhi ya maziwa makubwa, likiwemo Ziwa Tanganyika. Ruvuma, Lukuledi na mito mingine ya pwani ya kusini si kwao. Huku kwetu sato ni mgeni aliyeletwa na binadamu.

Bonde ni ukuta

Mtu anaweza kutoka Newala akashuka bondeni, akavuka Ruvuma na kwenda kusalimia ndugu Mueda, Msumbiji. Samaki hawezi kutembea nchi kavu. Kwake kilima ni ukuta. Chukua mfano wa Masasi: maji ya upande mmoja wa wilaya huelekea Mto Lukuledi hadi bahari ya Lindi, na ya upande wa pili hushuka Ruvuma. Wewe unatoka upande mmoja hadi mwingine kwa bodaboda asubuhi moja. Perege hawezi, mpaka mtu ambebe kwenye ndoo.

Kutengana kwa namna hiyo ndiko kunakozalisha tofauti. Fikiria lugha yetu. Kimakonde cha Newala na kile cha Mueda ni lugha moja, lakini maneno na matamshi yamepishana kidogo kwa sababu watu wamekaa pande mbili za mto kwa muda mrefu. Kwa samaki, kinachopishana ni vinasaba, yaani yale maelekezo ndani ya mwili ambayo mtoto huyarithi kwa wazazi wake. Ndiyo hayo yanayopimwa mtu anapotakiwa kipimo cha DNA. Kila kizazi huwa na mabadiliko madogo. Samaki wakitengwa, mabadiliko ya huku hayafiki kule. Baada ya miaka mingi sana, ndugu wamekuwa tofauti kwa umbo, rangi na uwezo wa kuvumilia maji ya mahali pao.

Historia ya maji huonekana hivyo ndani ya samaki. Ziwa Chiuta, mpakani mwa Malawi na Msumbiji, hutiririsha maji yake Mto Lugenda, nao Lugenda huingia Ruvuma. Jirani yake, Ziwa Chilwa, leo halina njia ya kutokea. Kati ya maziwa hayo mawili kuna tuta la mchanga, na zamani yalikuwa maji mamoja. Ndiyo maana mtaalamu akikuta samaki wa maziwa hayo wanafanana, anajua ni ndugu waliotenganishwa na mchanga.

Kilichopatikana Lindi

Sasa tuje karibu na nyumbani. Mwaka 1955 mtaalamu Rosemary Lowe alimwandika kwa mara ya kwanza perege wa Korogwe, Oreochromis korogwe. Kwa miaka mingi alijulikana kuwa samaki wa kaskazini mashariki mwa nchi. Kati ya mwaka 2013 na 2016 watafiti, wakiwemo wa Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, TAFIRI, walimkuta pia mkoani Lindi, katika maziwa madogo ya Rutamba, Nambawala na Mitupa. Kutoka Tanga hadi huko ni zaidi ya kilomita 500.

Swali la kwanza lilikuwa rahisi: je, kuna mtu aliwabeba samaki hao kutoka kaskazini miaka ya karibuni? Watafiti walipima maumbo ya samaki na kusoma vinasaba vyao, wakawalinganisha na wale wa Mto Zigi na Bwawa la Mlingano huko Tanga. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Perege wa Lindi ni tofauti na wa Tanga kwa umbo na kwa vinasaba. Kwa hesabu zao, makundi hayo mawili yaliachana takriban miaka 140,000 iliyopita. Hawakubebwa na mtu. Ni wenyeji.

Lakini utafiti huo huo ulileta habari nyingine. Katika maziwa yote matatu walikuta machotara wa perege huyo na sato. Samaki ambaye sayansi ndiyo kwanza imemtambua tayari alikuwa ameanza kuchanganyika na mgeni aliye mkubwa kuliko yeye.

Chotara ana ubaya gani?

Mkulima anaweza kusema: chotara ni samaki, na analika. Ni kweli. Tatizo ni kwamba machotara wa perege wanaweza kuzaa. Chotara huzaa na mwenyeji, mtoto wake naye huzaa na mwenyeji, na kila kizazi mchanganyiko huingia ndani zaidi. Mwisho ziwa linabaki na samaki, lakini yule wa asili hayupo tena. Kuvua kupita kiasi kunaweza kusimamishwa, na samaki wakaongezeka. Damu ikishachanganyika kila mahali, hakuna wavu wa kuitenganisha.

Kwa macho si rahisi kujua. Sato huwa na mistari ya wima iliyopangika vizuri mkiani, na hiyo ni dalili nzuri ya kumtambua. Chotara anaweza kufanana na upande wowote wa wazazi wake. Ndiyo maana watafiti hukata kipande kidogo cha pezi na kukipeleka maabara.

Mfano wa korosho

Kwa nini tujali? Tuchukue mfano wa zao tunalolijua. Ugonjwa wa ubwiriunga ulipoingia kwenye mikorosho, njia mojawapo ya wataalamu wa Naliendele ilikuwa kutafuta mikorosho inayostahimili na kuizalisha. Wangeitafuta wapi kama mikorosho yote ingekuwa ya aina moja? Utofauti ni ghala. Hulifungui kila siku, lakini siku ya njaa utashukuru lipo.

Kwa samaki mfano upo, na ni wa kwetu. Perege wa Mto Wami, ambaye wataalamu wanamwita hornorum, alipelekwa Zanzibar, na kutoka huko akafika Malaysia. Huko, katika kituo cha Malacca, mtaalamu C. F. Hickling alimpandisha dume wa perege huyo kwa jike wa perege wa aina nyingine. Watoto wote wakawa madume. Alichapisha matokeo hayo mwaka 1960. Mfugaji anajua maana yake: bwawa la madume watupu halijazani vidagaa visivyokua. Ujuzi huo ulitokana na perege wa mto wa Tanzania ambaye vinasaba vyake vilikuwa bado safi. Hatujui perege wa Ruvuma au wa Rutamba anatunza nini ndani yake. Akipotea, hatutajua kamwe.

Wengine yaliwapata nini

Ziwa Viktoria ni funzo kubwa. Samaki wake wa biashara wa zamani alikuwa ngege, Oreochromis esculentus. Uvuvi ulimpunguza, kisha miaka ya 1950 wakaletwa sangara na sato. Leo ngege ametoweka karibu kabisa kwenye ziwa kubwa, na amesalia kwenye maziwa madogo ya pembeni.

Ulaya nako wamepita njia hiyo. Nchini Slovenia, katika Mto Soča, kuna samaki wa asili aitwaye Salmo marmoratus. Mwanzoni mwa karne ya 20 waliletwa samaki wa aina ya karibu kutoka mito mingine, wakachanganyika naye hadi wenyeji safi wakawa wachache mno. Waliobaki walikutwa kwenye vijito vya milimani ambako maporomoko ya maji yaliwazuia wageni wasipande. Kuanzia miaka ya 1990 watu wa huko wamekuwa wakichukua wazazi kutoka vijito hivyo na kuzalisha vifaranga vya kurudisha mtoni. Imekuwa kazi ya miaka mingi na gharama kubwa. Nayo iliwezekana kwa sababu moja tu: palibaki mahali ambapo mgeni hakufika.

Mfugaji wa Masasi na Newala afanye nini

Hatusemi usifuge. Tunasema fuga kwa akili.

Kwanza, angalia mahali. Bwawa lililotandikwa turubai juu ya uwanda, mbali na makorongo, lina hatari ndogo, kwa sababu maji yake hayaendi mtoni. Bwawa la bondeni, karibu na kijito au kwenye njia ya mafuriko ya masika, ni hatari kubwa. Mvua moja inatosha kuwatoa wote.

Pili, weka wavu mgumu wenye matundu madogo kwenye bomba la kutolea maji, na inua kingo juu ya kimo cha maji ya mafuriko unayoyakumbuka.

Tatu, uliza muuzaji vifaranga ni wa aina gani na wametoka wapi. Kama anauza madume watupu, ni vizuri kwa ukuaji bwawani, lakini usifikiri hatari imekwisha. Dume la sato likitorokea mtoni litakuta majike ya perege huko.

Nne, usimwage samaki waliobaki mtoni, ziwani wala kwenye lambo la kijiji, hata kwa nia njema ya kuongeza kitoweo. Wala usihamishe perege wa Lukuledi kwenda Ruvuma. Hata mwenyeji akivushwa kilima anakuwa mgeni.

Tano, kabla ya kuanza, muone ofisa uvuvi wa halmashauri yako. Na mvuvi ukivua samaki mwenye mistari ya mkia usiyoizoea mahali hapo, mpige picha kwa simu yako, andika siku na mahali, umpelekee.

Miaka 140,000 perege wa Lindi alikaa peke yake, na ndoo ya mtu mmoja ilitosha kuanza kumpoteza. Ndoo nyingine bado ziko mikononi mwetu, na samaki wa Ruvuma bado yumo mtoni.